Taa Nyekundu katika Gari la Marehemu Jaafar

Gari la marehemu Jaafar lilizimika kila lilipokuwa likienda hospitali, na halikuzimika hata mara moja lilipokuwa likirudi nyumbani Jego. Hilo ndilo jambo la kwanza bintiye Twaiba alilomwambia fundi Tofiki. Tofiki hakulitilia maanani, kwa sababu wenye magari husema mengi.

"Taa nyekundu ya betri inawaka, kisha kila kitu kinakufa," alisema Twaiba. "Leo tumevutwa na pikapu mpaka hapa. Wewe ni fundi wa tatu. Wale wawili waliniambia gari ni zima. Ukiniambia hivyo na wewe, basi nipime mimi."

Tofiki alitabasamu kidogo. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na uwanja wake ulikuwa nyuma ya soko la Ukunda. Tangu mkewe Zainabu afariki, alifanya kazi kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, taratibu, asimwage. Alichungulia kiti cha nyuma, akamwona mama yake Twaiba, Bi Mwanapili, amejikunja ndani ya leso, uso umevimba. Alikuwa ametoka eda ya mumewe juzijuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tusamehe kukusumbua."

"Figo zake hazifanyi kazi," Twaiba alinong'ona walipokwenda kando. "Lazima asafishwe damu kwa mashine. Zamu iliyopita ilitupita, tulikwama njiani. Daktari amesema akikosa tena, tusitegemee kwamba ataishi."

Tofiki aliingiza gari kinyumenyume, kama ilivyokuwa desturi ya uwanja wake, ili boneti itazame kibanda cha vifaa upande wa kusini. Akapima betri, ikawa nzima. Akawasha injini akapima altaneta, ikawa inachaji vizuri. Akakaza mkanda, akasugua waya unaofunga betri na bodi, akachomoa fyuzi moja moja akitafuta kitu kinachokula umeme kwa siri. Hakukuwa na kitu.

"Tofiki!" aliita Kaingu, mchomeleaji wa jirani. "Wapapasa gari kama bibi harusi! Badilisha altaneta, watu waende zao!"

"Choma mageti yako, Kaingu."

Jua lilipohama, mama yule akaanza kuhema kwa joto. Tofiki akamwomba Twaiba aligeuze gari, boneti itazame kaskazini, ili kiti cha nyuma kipate kivuli. Kipimo kilikuwa bado kimefungwa kwenye betri. Gari lilipoanza kugeuka, Tofiki aliona mshale unashuka. Taa nyekundu ikawaka. Injini ikakohoa, ikafa.

"Tulisukume lirudi lilivyokuwa," alisema polepole.

Walilisukuma. Boneti ilipotazama kusini, mshale ulipanda wenyewe, injini ikiwa imezimwa. Tofiki alilala chini ya gari akatafuta waya uliolegea. Akatikisa kila kiungo. Wakaligeuza tena, mshale ukalala. Harufu ya udi ikatoka kwenye matundu ya hewa, na nyuma yake harufu ya udongo mbichi, ule unaofukuliwa na kuachwa kando. Tofiki aliijua harufu hiyo. Ilikuwa ya kaburi la Zainabu.

"Huku ni kibla, na ndiko iliko hospitali," alisema Bi Mwanapili kwa sauti ndogo, akionyesha kaskazini. "Na kule kusini ni Jego. Linataka kurudi nyumbani."

"Mama, nyamaza," alisema Twaiba.

"Nimenyamaza vya kutosha. Gari la kwanza la baba yako liliibiwa. Alipopata hili alikwenda Kinango kwa mtu, akalitia zindiko la jini wa kulilinda. Aliniambia mtu mwingine akilichukua halitafika mbali, litageuka kurudi kwetu. Nilimkataza. Akaniapia kwamba amelitoa."

Tofiki alimtuma mtu kumwita Ustadhi Nassir, mwalimu wa madrasa ya karibu. Ustadhi alikuja baada ya swala ya alasiri, akalizunguka gari akisoma, kisha akamgeukia mjane.

"Mumeo alipofariki mlimwambia nani?"

"Jamaa, majirani, msikiti. Wote."

"Na huyu aliyefungwa humu?"

Kwa muda wote wa eda mama alikuwa amekaa ndani na gari limekaa bandani, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna mlinzi anayemsubiri mwenye gari.

Nyuma ya dashibodi, ndani kabisa, Tofiki alipapasa akaipata chupa ndogo iliyozibwa kwa nta na kufungwa kitambaa chekundu. Ilikuwa ya moto. Ustadhi akamwambia aondoe waya zote mbili za betri, kisha akamwinamia Bi Mwanapili.

"Mwambie kwamba mumeo amefariki. Hilo tu. Akikuuliza lolote, usimjibu."

Jua lilikuwa linazama. Mama aliweka kiganja juu ya dashibodi. "Jaafar amefariki," alisema. "Tumemzika. Usimngoje tena."

Redio ya gari, ingawa haikuwa na umeme, iliwaka mwanga hafifu, na ndani yake ukasikika mvumo kama wa mtu anayevuta pumzi kwa taabu, mvumo ulioingia chini ya viti na kupanda katika milango mpaka vioo vikatetemeka, na Twaiba akamshika Tofiki mkono bila kujua kwamba amemshika, na ndani ya mvumo huo ikatoka sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, imechoka, imechoka mno, ikauliza:

"Nani sasa?"

Bi Mwanapili alikuwa amekaa eda yote akimjibu kila aliyepiga hodi kumpa pole. Hakuwa na desturi ya kumwacha muulizaji bila jibu.

"Mimi," alisema.

Redio ikazimika. Walipofunga betri, gari lilichaji likitazama kila upande. Ustadhi hakufurahi kwamba alijibiwa. Alimpa Tofiki ile chupa. "Ivunje ufukweni leo hii. Isilale kwako."

Lakini Tofiki alikuwa amechoka. Aliitia chupa katika mtoto wa meza ya vifaa, akajiambia kesho.

Kesho yake mchana Twaiba alipiga simu kutoka hospitali. "Fundi, gari limefika salama. Lakini mashine imezimika." Alikuwa akilia kwa sauti ya chini. "Wameleta nyingine, nayo ikazimika. Mama aliomba kitanda kielekezwe kibla, apate kuswali akiwa amelala. Walipokielekeza ndipo taa nyekundu ilipowaka. Muuguzi akakirudisha, mashine ikafanya kazi."

Tofiki alikaa juu ya betri kuukuu. "Basi kiache kinapotazama Jego, mwanangu. Kiache mpaka damu iishe kusafishwa."

"Nimemwambia. Hataki."

Akasikia simu ikishikwa na mkono mwingine.

"Fundi," alisema Bi Mwanapili, "nilimjibu mimi, nitamtoa mimi. Nikifa nitageuzwa huko huko kibla. Sasa nimtii yeye nikiwa hai? Twaiba, nigeuze."

Tofiki alisikia magurudumu ya kitanda yakilia sakafuni, akasikia mlio mkali wa mashine na muuguzi akisema jamani mama huyu, na chini ya sauti zote hizo akamsikia mjane akisoma Ayatul Kursi bila haraka, neno kwa neno, kama mtu anayepanda ngazi na magoti yanamuuma, mlio ukizidi na yeye asikatize, mlio ukizidi tena, mpaka akafika mwisho wa aya. Mlio ukakatika.

"Twaiba?"

"Inafanya kazi," Twaiba alisema, akicheka na kulia. "Fundi, inafanya kazi, na anatazama kibla! Yule jini ametoka!"

"Alhamdulillahi," alisema Tofiki.

Alasiri ilikuwa imeingia. Alitawadha, akatandika mkeka kando ya meza ya vifaa, akasimama kuelekea kaskazini. Alipoinua mikono, nguvu zikamshuka kutoka mabegani mpaka nyayoni. Hakushangaa. Tangu Zainabu afariki, kila swala aliisimamia kwa uchovu. Akaswali kwa taabu mpaka akatoa salamu.

"Tofiki!" Kaingu aliita nyuma yake. "Hujafunga mtoto wa meza? Kuna taa nyekundu inawaka humo ndani."

Tofiki aligeuka kumtazama, uso ukaelekea Jego, na uchovu wote ukamtoka.