Wimbo wa Shangazi Uliokatwa Mkia

Jioni ile Mkasi alikuwa anafunga kibanda chake ampelekee mkewe nepi na chupa ya chai wodini. Jina la Mkasi alipewa mtaani kwa kazi yake. Ukimletea wimbo wako mwenyewe, wa harusi au wa mwanao shuleni, anakukatia kipande kitamu, anaunga mwisho na mwanzo usisikie pengo, na hapo una mlio wa simu usio wa mtu mwingine. Kinachobaki anakifuta. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, haina nafasi ya makapi.

Mlio aliojivunia kuliko yote ulikuwa kwenye simu ya mkewe. Ilikuwa sauti ya marehemu shangazi yake Mkasi, aliyekuwa akiwaimbia wagonjwa wa mapepo. Mwanzo wa wimbo ulibembeleza. Nusu ya pili ilikuwa kunung'unika tu, akaitupa.

Akampigia mkewe, kwa mara ya sijui ngapi tangu binti yao azaliwe asubuhi.

"Sema polepole, amelala," mke alinong'ona. "Yule bibi niliyekwambia alikuwa getini, sasa yuko kwenye veranda."

"Si mgeni wa wagonjwa wengine?"

"Haongei na mtu. Anasimama tu... Simu yangu ikilia, ndiyo anatembea."

"Basi anapenda muziki," Mkasi akacheka. "Nakuja."

Alikuwa ameshika kufuli alipofika binamu yake, mtoto wa yule shangazi. Alitaka kusikia sauti ya mama yake. Mkasi akauwasha mlio kwenye kompyuta.

Binamu alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Endelea."

"Umeishia hapo."

"Haujaisha. Hapo anaita. Mwisho ndio wa kumrudisha."

"Kumrudisha nani?"

"Mama hakuwahi kumtaja. Ila akishaanza, hata nyumba iungue, hakatizi."

"Uimbe wewe huo mwisho."

"Aliuimba amegeukia ukuta. Hakuna aliyeusikia vizuri. Si ulimrekodi wewe?"

Mkasi aliitazama kompyuta yake. Alikuwa ameufuta kwa mkono wake mwenyewe.

Akachukua simu amwambie mkewe azime yake. Kidole kikasimama hewani.

Kumpigia mkewe ni kumwita yule bibi.

Akaandika ujumbe: Zima simu sasa hivi. Haukusomwa. Akaandika mwingine, nao vilevile. Akaondoka mbio, chupa ya chai ikibaki mezani, na njiani akakumbuka jambo. Mchana, kwa furaha ya kuitwa baba, aliwatumia ukoo mzima namba ya mkewe. Mpigieni mama mtoto mumpongeze, aliwaandikia, na watu wa kwao kwa pongezi hawajambo.

Mlinzi wa getini alimzuia. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha.

"Kaka, nakuomba. Mke wangu yuko ndani."

Mlinzi alikuwa ameziba pua kwa mkono. "Unanusa tope?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mvua yenyewe haijanyesha."

Kutoka wodini mlio ukasikika. Mtamu. Ukazunguka, ukarudi mwanzo bila pengo. Mkasi alijua ni mama mkwe, maana ndiye pekee asiyekata simu mpaka ipokelewe.

Ukanyamaza... ukaanza tena.

Alimpita mlinzi, sijui kwa kumsukuma au kwa kuachiwa. Veranda ilikuwa tupu. Sakafuni palikuwa na alama za miguu yenye maji, mmoja ukiburutwa, zikielekea mlangoni. Zilikuwa za kuingia tu.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, macho makavu, simu ikilia mapajani. Mkasi aliinyakua, akaing'oa betri. Wodi ikawa kimya.

"Yuko wapi?"

"Aliinama hapa," mke alinong'ona, akigusa shuka. Lilikuwa limelowa. "Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Akamwekea mtoto mdomo sikioni... Halafu sikumwona tena."

Mkasi akamwinua binti yake. Alikuwa na joto, anapumua, mzima. Akamkumbatia, akalia bila haya mbele ya wanawake wa watu. Kumbe imekwisha, alijiambia.

Ndipo aliposikia.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Midomo ya mtoto ilikuwa imefumbwa, lakini kifuani mwake wimbo ulikuwa unapita, ule ule, kwa sauti ya kikongwe. Ukabembeleza. Ukafika pale Mkasi alipokata... ukarudi mwanzo, bila pengo.

"Mnyamazishe," mke alisema. "Baba, mnyamazishe."

Mkasi alimbembeleza. Alimtikisa taratibu. Akajaribu kunung'unika mwisho wowote, wa kubuni, uso ameugeuzia ukuta kama shangazi yake. Mtoto akaanza upya.

Nje kwenye veranda, mguu ukaburutwa.