Tambara Lililopigwa Pindo

Mwalimu mstaafu alikuwa amelala chali ndani ya gari lake kubwa alilogeuza kuwa nyumba ya safari, mikono kifuani, uso umetulia kama wa mtu aliyemo katika ndoto nzuri. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umetanda uani. Inspekta alisimama mlangoni, akasahau kwa muda kwamba amekuja kazini.

"Kaboni monoksidi, sumu ya moshi," alisema daktari wa polisi. "Tazama wekundu wa kucha."

Hita ya gesi ilikuwa mpya, imefungwa jana tu. Inspekta alizunguka nje, akapiga magoti penye bomba la kutolea moshi wa hita, akavuta kwa koleo. Likatoka tambara la kijani. Kingo zake zote zilikuwa zimepigwa pindo, safi kabisa. Nani hushonea pindo tambara la kuzibia bomba? Alikumbuka cherehani aliyoiona sebuleni alipopita; jibu lilimjia upesi, naye hakulipenda.

Kwanza alimpigia simu fundi wa hita.

"Walikuja wawili, mzee na mkewe," fundi alisema. "Wakachagua kubwa, ile inayojizima yenyewe bomba likiziba. Kesho yake mzee akarudi peke yake, akachukua ndogo. Hiyo haijizimi, afande. Nilimwonya."

"Kwa nini alibadilisha?"

Fundi alimweleza. Inspekta alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Mjane alikuwa sebuleni mbele ya cherehani yake, hashoni.

"Tambara hili ni lako, mama?"

"Langu."

"Na pindo?"

"Mkono umezoea, mwanangu. Siwezi kuacha kitambaa kikifumuka nyuzi."

"Ulitaka kumuua?"

"Mungu apishe mbali! Nilitaka hita igome. Ataona baridi, nikasema, atarudi ndani, safari iahirishwe. Miaka arobaini ya ndoa, halafu mtu anajijengea nyumba yenye kitanda kimoja! Alikuwa ananiacha." Alipangusa macho. "Lakini mbona haikujizima?"

Inspekta angeweza kumwacha ayasikie mahakamani. Roho ilimuuma.

"Aliibadilisha bila kukwambia, mama. Ile kubwa ilimaliza nafasi. Alitaka kitanda cha pili kiingie. Fundi anasema alishapima mahali pake, pale dirishani."

Mjane aligeuza macho kuelekea gari lililokuwa uani.

"Anajua sipati usingizi mbali na dirisha," alisema, akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe pingu.