Bomba Lililotoka Ndege ya Jecha

Asubuhi ile kaka yangu Msabah alikunywa chai kwangu, akala na mkate wa mofa, akaenda zake uwanja wa ndege. Kazi yake kuunda na kufunga eksozi, yale mabomba ya kutolea moshi, za ndege ndogo, na siku hiyo alikuwa akiitengeneza ndege atakayoirusha bintiye mwenyewe, Rukaiya.

Tajiri wao Mansour nitamsema, ingawa maiti hasemwi vibaya. Mtu hana haya wala hana imani! Alimpa Msabah bomba kuukuu lenye kiraka cha kuchomelea, akamwambia alifunge hivyo hivyo. Msabah akaligeuza, akaona mstari wa penseli, akalitambua. Lilitoka kwenye ndege ya marehemu Jecha, rubani wao, iliyoanguka Matemwe. Eksozi ya ndege haichorwi kwa penseli. Bomba likipata moto hupasuka palepale penye mstari. Mansour alilijua hilo, akachora kwa pupa zake, na moshi ukamwingilia Jecha hadi akalala usingizi angani. Sasa alitaka kumfungia mtoto wetu bomba lile lile.

Msabah alikataa. Mansour akamfukuza kazi, akalifunga mwenyewe, akawasha injini kulijaribu. Ilinguruma vizuri, akaizima. Pangaboi likasimama.

Bomba halikunyamaza. Lilikuwa likivuta pumzi. Taratibu. Kama mgonjwa wa pumu.

Kabla babake hajamwonya, Rukaiya alikuwa keshatia mguu ndani ya ndege. Sauti ya Jecha ikatoka bombani, ya chini.

"Shuka, mwanangu. Namngoja aliyechora."

Rukaiya akashuka. Mansour akasema ni upepo tu, akapanda yeye kuwaonyesha, akafunga mlango. Hakuwasha kitu. Vioo vikaanza kuwa vyeusi. Kwa ndani. Walipovunja mlango alikuwa keshakufa, na ufunguo wa injini umo mfukoni mwake.

Waosha maiti walikuta duara la masizi limeizunguka midomo yake, kipimo cha bomba lile. Walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa majani ya mkunazi. Wapi! Msabah ananambia tumsamehe, marehemu keshakwenda. Nshamwambia asamehe yeye. Mimi kila nikimtazama Rukaiya anakula, roho inaniwaka upya.

Mmoja wa waoshaji alininong'oneza yaliyobaki. Walipomvisha sanda, duara likajitokeza juu ya kitambaa. Na pale katikati, nguo ikawa inaingia na kutoka.