Manyoya Katika Kinyesi cha Nguchiro

Mlima uliporomoka kwa kishindo, ukaifukia barabara pamoja na gari na redio yao. Ikuyo na mdogo wake Shigeto, walioajiriwa kutega nguchiro ili kuwalinda sungura wa msitu wa kisiwa cha Amami, walipona kwa kuruka kando. Lakini Shigeto aliangukia kwenye majani marefu, na habu, nyoka mwenye sumu kali aliyejificha humo, akamng'ata shavu la mguu.

"Na eti nguchiro waliletwa kisiwani kuwala hawa," alisema, akijaribu kucheka.

"Nyamaza. Usitembee, sumu itasambaa."

"Nitafikaje basi, kwa posta?"

"Mgongoni kwangu. Nilikwambia upunguze kula."

Wasemao damu ni nzito kuliko maji hawajambeba Shigeto kwenye tope. Ikuyo alimbeba mpaka mgongo wa mlima. Hapo mabonde mawili yalishuka ndani ya ukungu, yakifanana kama mapacha. Moja lilikuwa na kijiji, jingine liliishia kwenye genge la bahari. Akikosea, hatakuwa na nguvu ya kumpandisha tena, na mguu ulikwisha kuvimba mpaka gotini.

Alimtua, akampa maji na kipande cha sukari guru, kisha akapekua mawe, mahali nguchiro huacha kinyesi. Upande wa kushoto alikuta kinyesi cha nguchiro. Akakivunja kwa kijiti: miguu ya panzi, mifupa ya chura, nywele za sungura. Chakula cha porini hicho. Upande wa kulia akakuta kingine, kibichi.

"Kuna nini?" Shigeto aliuliza kwa sauti iliyokwisha.

"Magamba ya kaa. Na manyoya meupe ya kuku."

"Kuku wa nani?"

"Sijui. Ila kuku mweupe ana mwenyewe."

"Habu je?"

"Hata jino."

"Wavivu hao."

Akambeba tena, wakashuka kulia. Chini kwenye kijito walimkuta nguchiro mwenyewe juu ya jiwe, kahawia, mwembamba, akitafuna kaa. Nguchiro wote aliowajua Ikuyo walikuwa ndani ya mitego. Huyu alimaliza kaa wake, akajifuta masharubu, akawatazama, kisha akateremka na kijito bila haraka. Ikuyo alijikuta anampenda.

Walitokea kwenye banda la kuku. Bibi Nabematsu alisimama mlangoni na ufagio.

"Kumbe ninyi ndio wezi wangu?"

"Si sisi, Bibi. Pigia zahanati simu, ameng'atwa na habu."

Shigeto aliwahi dawa, akapona, ingawa mguu ulibaki mzito. Kuku wa Bibi waliendelea kupungua, na huko juu sungura walikuwa na watoto mashimoni. Ikuyo akaenda kutega nyuma ya banda, Shigeto akimfuata na fimbo.

"Umeweka chambo gani?"

"Nyama ya nguruwe."

"Ile ya mafuta?"

"Ile ile tunayokula mwaka mpya."

Shigeto akaitikia kwa kichwa. Asubuhi walikwenda kuutazama mtego, wakitembea polepole kuliko hata mguu wake ulivyohitaji.