Moto Usio na Kiberiti

Maiti ilikuwa chali kando ya mtungi wa oksijeni, mkono wa kulia ungali umekunjika kana kwamba umeshika valvu. Uso haukutazamika. Inspekta aliutazama hivyo hivyo, maana ndiyo kazi aliyoichagua, Mungu amsamehe.

Marehemu alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na karakana nzima ilimwita Chapchap. Alifungulia mtungi, geji ya kupimia presha ikamlipukia. Jua halijachwea, mlinzi wa lango alikuwa ameshatiwa mahabusu, kisa alionekana karibu na mitungi akivuta sigara.

"Moto hautoki hewani, Afande," fundi mkuu alisema katika chumba cha mahojiano. "Yule mlinzi na sigara zake ndiye katuulia mwenzetu."

Inspekta alichukua bomba la baiskeli, akaliziba tundu kwa kidole gumba, akasukuma na kusukuma mpaka jasho likamtoka.

"Gusa hapa chini."

Fundi mkuu aligusa, akaondoa kidole upesi.

"Kuna sigara humo?"

"Hakuna."

"Hewa ikibanwa ghafla hupata joto. Hapa nimeibana kwa mkono wangu tu. Kule, mtu akifungulia mtungi kwa pigo moja, oksijeni inaingia kwenye geji kwa kishindo, inabanana, inachemka. Ikikuta kitu cha kuunguza, kwisha habari. Sigara ya nini?"

"Basi ni haraka zake mwenyewe. Tulimkanya sana. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Huenda."

Inspekta akaweka mezani geji nyingine, mdomo wake umezibwa kwa karatasi ya ushahidi.

"Hii ni ya akiba, imetoka kabatini mwake. Uani kuna mtungi. Ifunge kwenye mtungi huo, kisha ufungulie kama alivyokuwa akifungulia yeye, nione."

Fundi mkuu alirudisha kiti nyuma. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Si ina grisi, Afande! Unataka niungue?"

Hata anayeanza kazi leo anajua kwamba grisi na oksijeni havipikwi chungu kimoja. Lakini geji ile haikuwa imefunguliwa mbele ya mtu yeyote isipokuwa Inspekta na mtaalamu wa maabara.

"Mdomo umezibwa," Inspekta alisema polepole. "Grisi umeionea wapi?"

Fundi mkuu alifunika uso kwa viganja. Alipoufunua alikuwa amezeeka.

"Nilipaka zote mbili. Sikujua angeshika ipi."

"Alikukosea nini?"

"Nilimpa kazi ya lango la nyumbani kwangu. Akaligusisha kwa nukta mbili tu za kuchomelea, akakimbia, eti atamalizia kesho. Jioni ileile likamwangukia binti yangu. Sikuwa na mwingine, Afande. Nilimngoja aniambie kilichomkimbiza. Hata neno moja! Alikuja msibani akainamisha kichwa, akaondoka."

Mlinzi aliachiwa, akatoka bila kuaga. Mjane wa Chapchap alikuwa kwenye benchi la nje, mtoto mchanga mapajani. Inspekta aliketi kando yake akamweleza yote, maana hakuona njia ya kuyapunguza.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho.

"Jioni ile uchungu ulinishika," akasema. "Mimi ndiye niliyempigia simu. Nilimwambia aache kila kitu aje."

"Mbona hakumwambia mwenzake?"

"Alishindwa. Alisema, nitaanzaje kumtajia mtoto wangu mtu niliyemzikisha wake?"