Taya la Rumini Lililogoma

Rumini alikuwa fundi wa batiki mjini Lasem. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda kando ya sufuria ya nta ya moto, akachora maua na majani kwenye kitambaa mpaka alasiri.

Siku moja, akiwa anakula, taya lake lililia "ta!" karibu na sikio la kulia. Wiki iliyofuata likaanza kuuma, na kichwa nacho kikauma. Kisha asubuhi moja mdomo ukagoma kufunguka. Hata kijiko hakikupita vizuri.

"Ni sikio hilo," alisema mumewe, Karsidi. Akanunua dawa ya matone. Haikusaidia.

"Ni upepo umemwingia," alisema mama mkwe. Akamsugua mgongo kwa sarafu mpaka ukawa mwekundu. Sasa Rumini akaumwa taya na mgongo.

Akaenda kwa mtengeneza meno wa sokoni. Yule bwana alimtazama kinywani mara moja tu.

"Meno yako ya juu na ya chini hayakutani sawasawa," alisema. "Ndiyo yanayovuta taya. Mawili nitayang'oa, mengine nitayapiga tupa yalingane. Njoo Jumamosi."

Rumini alirudi nyumbani akili imevurugika. Meno yake yalipinda tangu utotoni. Mbona yamuumize leo, na yeye ana miaka arobaini na mitatu? Lakini je, kama yule bwana anasema kweli? Aliiogopa tupa. Aliogopa pia kuishi kwa uji.

Ijumaa akaja jirani yao Hartuti, muuguzi wa meno katika kituo cha afya, akamkuta Rumini akichora kando ya sufuria.

"Dada Rumini, mbona unaongea kama umeficha pipi?"

Rumini akamweleza yote. Hartuti akaweka vidole mbele ya masikio ya Rumini. "Fungua polepole. Basi, hapo hapo. Hiki ni kiungo cha taya. Kinaweza kuchoka, kama goti."

"Sasa ni meno au si meno?"

"Huenda meno yakachangia. Ila mara nyingi si hayo peke yake. Wapo wenye meno yaliyopinda na mataya yao ni mazima. Wapo wenye meno yaliyonyooka na mataya yanawauma. Hata wataalamu bado wanabishana."

"Mkibishana ninyi, mimi nishike lipi?"

"Shika hili: usianze na jambo lisilorudi nyuma. Jino likishapigwa tupa haliongezeki tena." Kisha akasema, "Hebu endelea kuchora kidogo."

Rumini akachota nta, akavuta mstari mwembamba wa jani kwenye kitambaa.

"Usitikisike! Meno yako yako wapi?"

Rumini akashtuka. "Yamebanana!"

"Kwa siku unachora kwa muda wa saa ngapi?"

"Saba. Tangu nipate kazi ya kitambaa cha harusi, hata tisa."

"Basi taya nalo linafanya kazi saa tisa. Midomo ifunge, lakini meno yaachane. Meno hugusana tunapotafuna na kumeza tu."

Alimwambia ale vyakula laini, akate vipande vidogo. Akande taya kwa kitambaa cha uvuguvugu. Asitafune chingamu, na akipiga mwayo akizuie kidevu kwa mkono. "Na Jumatatu uje kituoni daktari akuone. Mdomo ukigoma hivyo, usikae nyumbani kubahatisha."

Jumamosi Rumini hakwenda sokoni. Jumatatu daktari alimpima, hakuona jino bovu wala uvimbe. Akamfundisha mazoezi mepesi ya taya, akampa dawa ya maumivu ya siku chache.

Haikuwa rahisi. Mara kwa mara Rumini alijikuta amebana meno tena. Karsidi akawa anapita kando ya sufuria na kuita, "Mke wangu, yaachanishe!" Majirani wakamcheka Rumini, naye akacheka, na kucheka kwenyewe kukalilegeza taya.

Baada ya wiki sita maumivu yakaisha. Bado taya hulia mara mojamoja, lakini Hartuti alimwambia mlio usiouma si wa kuhangaikia. Kama ni meno, au nta, au ile harusi, Rumini hajui mpaka leo. Anachojua ni kwamba siku alipokabidhi kitambaa, bibi harusi alimpa sahani ya mboga zenye mchuzi wa karanga. Akatafuna polepole, pande zote mbili, akaimaliza, akaomba nyingine.