Nongo za Jiwe la Hamamu

Jiwe lilitoa nongo. Müzeyyen, mwoshaji wa hamamu, bafu la umma la Kituruki, alikuwa akilipitishia glavu ya kusugulia kabla wateja hawajaingia, kwa mazoea tu, na chini ya kiganja chake zikaanza kujiviringa, za kijivu, laini, mithili ya tambi zilizolala. Alizinusa. Kwapa, na shahamu ya kondoo.

"Bwana Tuncay," alimwambia meneja, "lile jiwe lina nongo."

"Dada Müzeyyen, jiwe halina kwapa."

"Basi njoo unuse."

Hakunusa. Tuncay alikuwa mtu wa kupenda mambo ya kale. Alikuwa amebandika ukutani kibao kinachoeleza kwamba marumaru hii ya kisiwa cha Marmara ilikuwa sakafu ya kanisa kabla haijawa kitanda cha kuogea cha wanawake wa Bursa. Halafu, kwa mapenzi yaleyale ya historia, akaimwagia tindikali ili iwe nyeupe "kama ilivyozaliwa". Mng'ao wa manjano ulioachwa na migongo ya wanawake wa karne nyingi ukaondoka na povu. Wala hakuomba ruhusa. Hamamuni, kila mtu hunong'ona "ruhusa" kabla ya kumwaga maji ya moto, ili wenyeji wasioonekana wawasogeze watoto wao. Tuncay alisema hayo ni mambo ya mabibi.

Siku hiyo ilikuwa ya kumwosha bibi harusi, na bibi harusi alikuwa Nergis, binti pekee wa Müzeyyen. Mama alilisuuza jiwe, akaomba ruhusa tena na tena, akadhani inatosha. Wanawake wakaja na matari, dolma za majani ya mzabibu na machungwa.

"Msugue vizuri, wifi," shangazi mtu alicheka, "mume asije akadhani kaoa gunia la mkaa!"

Nergis akalala chali. Müzeyyen akaanza na mikono.

"Mama," Nergis alinong'ona, "nani ananisugua mgongoni?"

"Umelala chali, mwanangu. Hakuna mtu."

"Ana kucha, mama."

Müzeyyen akapenyeza mkono chini ya bega la bintiye, akakuta si jiwe wala si mwili bali kitu cha kati, chenye joto la mdomo, kinachonyonya, kilichoota nywele ndefu zenye utelezi, na kadiri alivyovuta ndivyo ngozi ya mwanawe ilivyorefuka kama mlenda, na ile harufu ya kwapa na shahamu ikapanda mpaka wanawake wakaanza kuzitapika dolma zao mferejini.

"Wenyeji," alilia, "tumekosa nini?"

Mfereji ukacheua. "Mlinichuna," sauti ikasema, nzito, kama ya mtu mwenye mafuta kinywani. "Nirudishieni ngozi."

"Chukua yangu! Mwache mtoto!"

"Yako imechakaa."

Kisha jiwe likamwachia, taratibu, kwa mlio wa plasta inayobanduliwa. Nergis alikuwa hai. Damu haikutoka hata tone. Lakini mgongo wake wote ulikuwa mweupe, mgumu, wenye mishipa ya kijivu. Mama yake alipougusa kwa ukucha, ulilia ko.

Asubuhi Müzeyyen alirudi kuidai ngozi ya mwanawe. Alimkuta Tuncay amekaa juu ya jiwe, uso unang'aa.

"Umeona, dada? Limekuwa laini! Marumaru ya kale hiyo."

Akalipapasa. Moto wa hamamu ulikuwa bado haujawashwa. Chini ya kiganja chake jiwe likasisimka, vinyweleo vyote vikasimama kwa baridi.